Presi inapata joto mchana na pampu inalia: niweke oili namba 46 au 68?

Msimamizi_Karakana

Habari za kazi wakuu.

Nimekabidhiwa karakana yenye presi ya haidroliki ya tani 200, ya kukunja bati nene. Kibati cha maelekezo ya oili kimefutika maandishi, kitabu cha mashine hakipo, na aliyekuwa akiihudumia kabla yangu hakuacha kumbukumbu. Kwenye pipa lililobaki stoo pameandikwa ISO VG 32 HM, kwa hiyo nachukulia ndiyo iliyomo. Tangi ni la lita 400 hivi. Pampu ni ya pistoni, ile inayojipunguza yenyewe presha ikifika kiwango ilichowekewa.

Shida ni hii. Asubuhi mashine inapiga kazi vizuri kabisa. Ikifika saa nane mchana inachoka: ramu (kile kichwa kinachoshuka kukunja bati) inashuka kwa kusuasua, presha inachelewa kupanda, pampu inalia. Nimetumbukiza kipimajoto kwenye tangi kikasoma nyuzi 70. Oili nayo imegeuka kahawia.

Nimeshauriwa mambo matatu. Muuzaji anataka nichukue 68, anasema nzito ndiyo inayolinda. Mwenzangu wa zamu anasema 46, eti ndiyo ya viwandani kote. Na kuna anayesema tumimine oili ya injini SAE 30 iliyopo stoo, kwani oili ni oili. Nifuate lipi? Na je, naweza kuongezea tu juu ya iliyopo bila kumwaga?

Dereva_Greda

Weka 68 mkuu. Mitambo yetu ya kuchimba inatumia 68, inashinda juani kutwa na haisumbui. Joto likizidi, oili nyepesi inakuwa maji.

Fundi_Presha

Ndugu Msimamizi, tulia kwanza, usinunue pipa lolote wiki hii. Umeeleza vizuri, na ndani ya maelezo yako kuna namba moja inayonitia wasiwasi kuliko 46 na 68. Ni hiyo 70.

Nianze na namba za kwenye pipa, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. 32, 46 na 68 ni mnato wa oili, yaani namna inavyokinza kutiririka, ukipimwa kwa sentistoki oili ikiwa na nyuzi 40. Kiwango cha ISO 3448 kinaruhusu ipungue au izidi kwa asilimia 10, ndiyo maana oili yenye 41.4 na nyingine yenye 50.6 zote zinaitwa 46. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu ubora. 68 ya hovyo ipo, na 32 nzuri sana ipo. Na pampu yako haifanyi kazi kwenye nyuzi 40.

Oili ikipata moto inalegea haraka mno. Chukua oili za kawaida za HM, zitokanazo na mafuta ghafi. Ile ya 32 ikifika nyuzi 70 inabakiwa na sentistoki kama 11 tu. Ya 46 kwenye joto hilohilo inakuwa na kama 15, na ya 68 kama 20. Sasa pampu za pistoni za aina yako kwa kawaida hupewa kiwango bora cha sentistoki 16 hadi 36 zikiwa kazini. Ukishuka hadi 10 uko kwenye ukingo, na chini ya hapo watengenezaji huruhusu dakika chache tu, au hawaruhusu kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini mashine inachoka saa nane, jibu la kwanza ni kwamba oili yako ya 32 kwenye nyuzi 70 imeshakuwa nyepesi kuliko pampu inavyotaka. Inapenya pembeni mwa pistoni badala ya kusukumwa mbele, na ramu inakosa mtiririko.

Mpaka hapo Dereva_Greda anaonekana ana haki, maana 68 kwenye nyuzi 70 inaangukia pale pampu inapopenda. Lakini sikubaliani naye, na naomba msomaji asome aya hii kwa makini. Oili nyepesi inavuja ndani ya pampu na vali. Kuvuja kutoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo bila kufanya kazi yoyote kunazaa joto. Joto linaifanya oili iwe nyepesi zaidi, nayo inavuja zaidi. Ukiweka 68 utautuliza mzunguko huo kwa muda, lakini chanzo cha joto hujakigusa. Oili itaendelea kuiva. Joto likishavuka nyuzi 60 hivi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hufanya oili ioze, yaani iungane na hewa, kwa kasi inayokaribia mara mbili. Ndiyo inayoleta rangi ya kahawia, asidi, na ule utando wa kunata unaokamatisha spuli, vile vipande vinavyoteleza ndani ya vali. Mipira ya sili nayo inakakamaa. Presi ya ndani ya jengo, yenye tangi la lita 400 na kipozeo, haina sababu ya kufika 70. Kuna kitu kinamwaga nguvu ovyo.

Hesabu yake ni rahisi na kila fundi aijue kwa kichwa. Zidisha presha kwa baa na mtiririko kwa lita kwa dakika, gawanya kwa 600, unapata kilowati. Lita 20 kwa dakika zikipita kwenye vali ya usalama kwa baa 150 ni kilowati 5 za joto zinazoingia kwenye tangi muda wote. Hakuna namba ya oili itakayokuokoa na hilo.

Kwa hiyo fanya haya kabla ya kununua. Mashine ikiwa imeshapata moto na presha ipo lakini ramu imesimama, pita na kipimajoto cha mwanga kwenye mabomba. Angalia bomba linalorudi tangini kutoka kwenye vali ya usalama. Ramu ikiwa imesimama, bomba hilo halipaswi kuwa na joto kuliko tangi. Likiwa na moto, vali hiyo inamwaga. Pima oili inapoingia na inapotoka kwenye kipozeo. Pima mtiririko wa bomba dogo linalotoa uvujaji wa ndani wa pampu na kuurudisha tangini: lielekeze kwenye chombo, hesabu lita kwa dakika. Usilizibe bomba hilo hata kwa sekunde, utapasua sili ya shafti. Halafu tuletee namba.

Kuhusu kelele, nataka ueleze zaidi. Sauti ya kokoto ndani ya debe inamaanisha pampu inanyimwa oili, chujio la kufyonzea limeziba au oili ni nzito mno, na hiyo hutokea zaidi asubuhi. Yako inalia mchana. Hapo nashuku hewa. Fungua mfuniko wa tangi uone kama kuna povu, angalia kiwango cha oili, kisha paka grisi kwenye viungo vya bomba la kufyonzea kimoja baada ya kingine. Sauti ikibadilika, umekipata kiungo kinachoingiza hewa.

Na jambo moja ambalo siwezi kuacha kulisema kila mada ya haidroliki inapofunguliwa. Unapotafuta uvujaji kwenye upande wa presha, usipapase kwa kiganja, hata ukiwa na glovu. Tundu dogo lisiloonekana linaweza kupitisha oili ndani ya ngozi. Jeraha linaonekana dogo, haliumi sana mwanzoni, na mtu anaweza kupoteza mkono. Tumia kipande cha karatasi ngumu. Likimpata mtu, aende kwa daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, na aseme ni oili ya presha.

Msimamizi_Karakana

Ahsante sana fundi, umenifungua macho. Nitaleta vipimo. Ila hukujibu kuhusu SAE 30, na huku kuna watu wanasubiri kuifungua.

Fundi_Presha

Wazuie. SAE 30 inakaribia ISO 100. Asubuhi tangi likiwa limepoa itakuwa nzito, na pampu itahangaika kuifyonza. Zaidi ya hapo, oili ya injini imetiwa dawa za kusafisha masizi, na dawa hizo hushika maji na kuyasambaza ndani ya oili. Kwenye injini haina shida kwa sababu moto unayachemsha yakatoka. Kwenye presi yako tunataka maji yajitenge, yatulie chini ya tangi, tuyafungulie koki. Oili ya haidroliki ya viwandani hupimwa kabisa uwezo wake wa kujitenga na maji. Kuna mitambo ya nje iliyobuniwa kutumia oili ya injini ya 10W, na kitabu chake kinasema hivyo. Hiyo ni habari nyingine.

Niongeze kuhusu herufi, kwa kuwa pipa lako limeandikwa HM. HL ina kinga ya kutu na ya kuoza tu. HM ni hiyohiyo pamoja na dawa ya kuzuia vyuma kulana, na ndiyo inayofaa pampu za presha kubwa. HV ni HM ambayo mnato wake haubadiliki sana joto likipanda na kushuka. Kwenye mapipa yanayofuata kiwango cha Ujerumani, DIN 51524, utaziona zimeandikwa HL, HLP na HVLP kwa mpangilio huohuo. Ukikuta HLPD, hiyo D ni ya dawa ya kusafisha, na inabeba maji kama nilivyoeleza. Wapo wanaoihitaji, hasa mashine za kuchonga vyuma ambako maji ya kupozea hupenyapenya. Presi yako haiihitaji.

Mpima_Oili

Naomba niingie hapa kwa kuwa kazi yangu ni maabara. Fundi amesema vizuri kuhusu mnato, lakini sampuli nyingi zinazokuja kwangu zikiwa na pampu iliyokufa nyuma yake, mnato wake uko sawasawa. Kilichoua ni uchafu.

Uchafu unaoua pampu hauonekani kwa macho. Jicho la mtu linaishia kama mikroni 40 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na nafasi kati ya pistoni na tundu lake ni mikroni chache tu. Tunausoma kwa ISO 4406, namba tatu mfano 18/16/13. Ya kwanza inahesabu chembe kubwa kuliko mikroni 4 ndani ya mililita moja, ya pili kubwa kuliko 6, ya tatu kubwa kuliko 14. 18 maana yake ni chembe kati ya 1,300 na 2,500. Kila namba ikipanda kwa moja, chembe zimeongezeka maradufu, kwa hiyo 21 ni uchafu mara nane ya 18. Watu wanaona 18 na 21 wanadhani ni karibukaribu.

Na oili mpya kutoka kwenye pipa lililofungwa si safi kwa maana hiyo. Naipima mara kwa mara, na mara nyingi inazidi kile pampu ya pistoni inachoruhusu. Ipitisheni kwenye filta wakati wa kuijaza, msiimimine kwa ndoo.

Rangi ya kahawia peke yake isikutishe wala isikutulize, ndugu Msimamizi. Kuna oili zinazokuwa nyeusi zikiwa bado na afya, na kuna zinazong'aa zikiwa zimejaa chembe. Kinachosema ukweli ni asidi yake ikilinganishwa na oili mpya ya aina hiyohiyo, maji yaliyomo, na hesabu ya chembe. Ukitaka kipimo cha haraka cha maji, dondoshea tone moja kwenye bamba la moto la nyuzi 150 hivi, ukivaa miwani ya kinga. Likitulia, maji ni machache. Likichachatika na kutoa mapovu, yapo ya kutosha kukusumbua. Oili ikishapauka na kukosa uangavu, huna haja hata ya bamba.

Sampuli ichukuliwe mashine ikiwa inafanya kazi na ina moto, kutoka kwenye bomba la kurudi kabla ya filta. Ukichota chini ya tangi utaniletea tope la tangi, nitakupa majibu ya tope la tangi.

Kiwanda_Aluminiamu

Samahani kuingilia. Sisi tuna mashine za kumimina aluminiamu, na pale sufuria za chuma kilichoyeyuka ziko karibu na mabomba ya haidroliki. Tumeambiwa tuache oili ya kawaida tutumie HFC. Nani anaijua?

Fundi_Presha

Mmeambiwa vizuri, na msicheleweshe. Oili ya kawaida ikitoka kwenye tundu la bomba kwa presha inakuwa ukungu, na ukungu huo ukigusa chuma kilichoyeyuka unalipuka moto. HFC ni mchanganyiko wa glaikoli na maji. Maji ni karibu theluthi moja hadi nusu yake, na ndiyo yanayozima.

Lakini hamuwezi kumwaga ile mkamimina hii. Maji yaliyomo yanapotea kwa mvuke, kwa hiyo tangi lisipande sana joto, na kiwango cha maji kipimwe mara kwa mara na kurudishwa kwa maji yasiyo na madini. HFC inakula zinki, na inabambua rangi nyingi zilizopakwa ndani ya matangi. Beringi hazidumu kama kwenye oili, hivyo presha ya kazi hushushwa kulingana na karatasi ya mtengenezaji wa pampu. Mabaki ya oili ya zamani yasafishwe hadi yaishe. Na kama mtu atawaletea ile ya fosfeti esta, familia ya HFD, jua kwamba inavimbisha na kuharibu sili za kawaida za mpira wa naitrili. Sili zote zibadilishwe kwanza. Fungueni mada yake wenyewe tuijadili kwa nafasi.

Msimamizi_Karakana

Wakuu nimerudi na vipimo.

Tangi nyuzi 69, ramu imesimama. Bomba la kurudi kutoka vali ya usalama lilikuwa na 81. Kipozeo kinaingiza 69 kinatoa 67, na nilipovua kava nikakuta mapezi yote yameshonana kwa vumbi lililogandamana na oili. Uvujaji wa ndani wa pampu ni lita 4 kwa dakika, na kwenye kibati cha pampu pamebaki kusomeka lita 100 kwa dakika. Povu lilikuwepo. Nilipopaka grisi kwenye kiungo cha chini cha bomba la kufyonzea, sauti ikabadilika palepale.

Nilimwita mtu wa kurekebisha presha. Kompenseta ya pampu, yaani kidhibiti kinachoifanya ijipunguze, ilikuwa baa 210, na vali ya usalama nayo imekazwa hapohapo 210.

Fundi_Presha

Hizi namba zinanifurahisha, maana zinaeleza kila kitu na pampu yako bado iko hai. Lita 4 kwa 100 ni sawa kwa pampu iliyotumika, tena umeipima ikiwa na oili nyepesi mno. Ingekuwa inakaribia 10 ningekuambia uanze kutafuta nyingine.

Vali ya usalama ndiyo mwizi wako. Kwenye mfumo wa aina hii pampu inatakiwa ijipunguze kwanza, na vali ya usalama isubiri juu yake, baa 15 hadi 20 zaidi, ikifunguka kwa dharura tu. Zikiwa sawa zinagombana: vali inafunguka kabla pampu haijajipunguza sawasawa, na oili inamwagika siku nzima. Aliyekuja kuirekebisha aangalie kwanza presha ya juu kabisa inayoruhusiwa na silinda na mabomba. Kama 230 iko ndani yake, vali ikae hapo. Kama haimo, kompenseta ndiyo ishushwe. Asikaze kwa kukisia.

Kipozeo kisafishwe kwa dawa ya kuondoa grisi na hewa ya presha ndogo, kutoka upande wa ndani kwenda nje, ili vumbi litoke kule lilikoingilia. Kiungo cha kufyonzea kibadilishwe sili. Fanya hayo yote matatu huku ukiacha oili ileile ya 32 ndani, endesha zamu nzima, kisha niambie tangi linasoma ngapi mchana. Hiyo namba ndiyo itakayochagua oili.

Msimamizi_Karakana

Fundi, sina maneno. Tumeweka vali ya usalama 228, kipozeo kimesafishwa, sili mpya. Jana saa nane na nusu tangi lilisoma 54, leo 55. Kelele hakuna. Asubuhi tukiwasha huwa ni kama nyuzi 22. Sasa nambie.

Fundi_Presha

Sasa chaguo ni jepesi. Kwenye nyuzi 55, oili ya 46 ina sentistoki kama 25, katikati kabisa ya pale pampu inapopenda. Asubuhi kwenye 22 itakuwa na kama 120, ambayo pampu inaimeza bila shida ukiiacha izunguke dakika chache bila mzigo. Ya 68 kwenye nyuzi 55 ingekuwa na 35 hivi, ukingoni mwa uzito, na ungelipia umeme wa kuisukuma bure. Ya 32 ingekuwa na 18, imo ndani lakini siku kipozeo kikianza kuziba tena huna akiba. Chukua ISO VG 46 HM.

HV usiinunue kwa ajili ya presi hii. Ina maana kubwa kwa mashine inayolala kwenye baridi na kufanya kazi kwenye joto kali, kama greda la ndugu yetu hapo juu. Mashine ya ndani ambayo joto lake linatembea kati ya 22 na 55 haipati faida ya kutosha. Kisha HV za bei rahisi zinapata sifa yake kutokana na dawa ya kupandisha mnato, na dawa hiyo hukatikakatika ndani ya pampu. Ulinunua 46, baada ya muda unayo nyepesi kuliko hiyo.

Kitu kimoja uulize kabla ya kununua: oili hiyo ina zinki au haina? HM nyingi hutumia dawa ya zinki kuzuia kulana, na kwa pampu nyingi inafaa. Kuna pampu za pistoni zenye sehemu za shaba nyeusi au zilizopakwa fedha ambazo watengenezaji wake hutaka isiyo na zinki. Kwa kuwa kibati cha pampu bado kinasomeka, chukua namba ya modeli, tafuta karatasi yake ya vipimo, usome orodha ya oili zilizokubaliwa. Dakika kumi za kusoma zinatosha. Na hili ndilo jibu la swali lako la kuongezea: usiongezee. Huna uhakika iliyomo ni ya kampuni gani wala ina dawa gani. Oili yenye zinki ikikutana na isiyo nayo, dawa zinaweza kugombana zikatengeneza mashapo yanayoziba filta, na hutajua mpaka vali zianze kukwama.

Kumwaga nako kuna adabu yake. Mwaga mashine ikiwa bado ina moto, ili uchafu utoke ukiwa unaelea. Zima umeme ufunge swichi kwa kufuli, ramu ishushwe mpaka chini au iegemezwe kwa gogo la chuma, na presha ya akyumuleta (chombo kinachohifadhi oili yenye presha) itolewe kama ipo. Tangi lifunguliwe, lifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Pamba ya kufutia mikono isiingie humo kabisa. Kumbuka oili nyingi ya zamani inabaki ndani ya silinda na mabomba, kwa hiyo fungua viungo vya chini uitoe, la sivyo utachanganya bila kujua. Filta zote mpya. Jaza kupitia kitoroli cha filta kama Mpima_Oili alivyosema. Kabla ya kuwasha, jaza oili safi ndani ya kasha la pampu kupitia tundu la juu. Pampu ya pistoni ikiwashwa kavu inaweza kujiharibu palepale. Endesha bila mzigo, sukuma silinda mwisho hadi mwisho mara kadhaa, angalia kiwango, ongeza.

Msimamizi_Karakana

Nimepata karatasi ya pampu. Inakubali HLP yenye zinki, na inataka usafi wa 20/18/15 au bora zaidi. Pipa la 46 limeagizwa. Likija niliweke wapi? Stoo imejaa, naona litakaa nje.

Mpima_Oili

Ndani ni bora. Likilazimika kukaa nje, lilaze, vizibo vyote viwili viwe usawa mmoja, kushoto na kulia, vikiwa chini ya usawa wa oili. Pipa lililosimama hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko. Mchana linapata joto na kutoa pumzi, usiku linapoa na kuvuta pumzi, na linavuta maji hayo kupitia kizibo hata kama umekikaza. Ukitaka kulifungua, lilete ndani lisimame siku moja, ufute juu kabla ya kugusa kizibo.

Chukua sampuli ya oili mpya kabla haijaingia kwenye tangi. Ya pili chukua mashine ikishafanya kazi zamu kadhaa na filta zimeshachuja mabaki. Nitumie zote mbili pamoja. Ya kwanza itanionesha asidi na dawa zilivyokuwa mwanzo, ya pili itanionesha kama 20/18/15 imefikiwa. Ikizidi, usimwage oili, badilisha filta tuipime tena.